Korja za Boriti: Mti wa Rufiji na Njia ya Magendo

Nyumba kongwe za mawe za Unguja, Lamu, Pate na Kilwa zina tabia moja inayomshangaza mgeni. Vyumba vyake ni virefu, tena virefu sana, lakini ni vyembamba. Mwenye nyumba aliweza kuwa tajiri wa kupindukia, akachongesha mlango wa mbambakofi wenye nakshi za minyororo na mayungiyungi, akajaza zidaka zake vyombo vya China, lakini upana wa chumba chake haukupita sana mita tatu. Si uchache wa ardhi uliomfunga, wala si ubahili. Aliyemfunga ni mti. Dari ya nyumba ya mawe ililazwa juu ya boriti, na boriti haikuweza kubeba uzito wa mawe na chokaa ikiwa imetandazwa zaidi ya kimo hicho. Hivyo ndivyo mti uliokulia katika tope la mto wa mbali ulivyowawekea mafundi wa mwambao mzima kipimo cha maisha yao: upana wa ukumbi, nafasi ya kitanda, hata umbali wa kukaa baina ya mwenyeji na mgeni wake. Ilibidi vije vyuma kutoka ng'ambo, kama vile vilivyotumika katika Beit al-Ajaib mwaka 1883, ndipo Unguja ikaona kumbi za mapana mengine.

Biashara ya mti huo ilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo inafaa ihifadhiwe kama inavyohifadhiwa lugha ya mashairi. Miti haikuhesabiwa mmoja mmoja bali kwa korja, na korja moja ni miti ishirini. Wala haikuitwa yote boriti. Iliyo membamba kama kidole gumba ni fito. Inayozidi hapo ni pau. Kisha huja mazio. Kisha boriti yenyewe. Na iliyo minene kuliko yote ni nguzo. Fito hufungwa katika kuta za udongo, pau hushika makuti, boriti hubeba dari, nguzo hubeba nyumba. Mnunuzi aliyesimama bandarini alijua kwa jicho tu mti uliovuka daraja moja na kuingia la pili, na muuzaji alijua vivyo hivyo, ndiyo maana mabishano yao yalikuwa marefu.

Miti hiyo ilitoka katika mihori mingi ya pwani, tangu Lamu hadi kusini ya Ruvuma, lakini hakuna mahali palipotoa kwa wingi kama delta ya Rufiji. Mto huo ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na kila mkono una jina lake: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mengineyo. Katikati ya mikono hiyo kuna visiwa, na juu ya visiwa hivyo kumeota msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ambao ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara na ndio mkubwa kuliko yote inayopatikana katika delta moja Afrika ya Mashariki. Sehemu kubwa ya eneo hilo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Nyamisati, Salale, Mbwera, Kiongoroni, Mbuchi, Msala: haya ni majina ya vijiji ambavyo barabara yao ni maji, na saa yao ni kupwa na kujaa.

Kiswahili cha vitabu vya siku hizi huita miti yote hiyo mikoko, kana kwamba ni ya aina moja. Watu wa delta hawasemi hivyo. Kwao mkoko ni mmoja tu miongoni mwa wanane, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mwingine ni msinzi, ulionyooka, unaopendwa kwa boriti na nguzo. Mkandaa hutoa fito na pau, na gome lake hutoa rangi nyekundu ya kutilia nyavu na ngozi. Mchu huota hata pale chumvi iliposhinda miti mingine, na kuni zake zilitumika kuchomea chokaa. Mlilana husimama mbele kabisa, kifua wazi mbele ya bahari, nao hutoa mataruma ya majahazi. Mkomafi huchongwa vitanda na samani. Msikundazi, unaopenda maji yaliyochanganyika na ya mto, ulitafutwa kwa milingoti. Wa nane ni kikandaa, mdogo wa umbo na wa matumizi. Anayeiita yote jina moja ni mwepesi wa kuilinda yote kwa amri moja, na hapo ndipo makosa mengi ya sheria yalipoanzia.

Ukale wa biashara hii haupimiki kwa urahisi. Wanajiografia wa Kiarabu wa karne ya 10, akiwemo Al-Istakhri, waliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya pwani ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Nchi zile za Ghuba zina mchanga, lulu na tende, lakini hazina mti wa kushika dari. Hivyo kila msimu wa kaskazi majahazi yalishuka na tende, chumvi na mazulia, na kusi ilipoanza kuvuma yakapanda na boriti. Huko Kuwait na Bahrain mti huo uliitwa chandal, na dari za zamani zilizobakia huko bado zinaonyesha safu zake, nyeusi na nyekundu, zilizonyooka kama mistari ya daftari. Inafaa ikumbukwe kwamba bahari haikuleta tu dini, maneno na nasaba katika pwani hii. Ilichukua pia, na miongoni mwa vilivyochukuliwa ni misitu.

Aliyeacha maelezo ya kina ya safari hizo katika siku zake za mwisho ni baharia wa Australia, Alan Villiers. Mwaka 1938 alipanda jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akasafiri nalo mpaka Unguja, na mwaka 1939 wakaingia Rufiji kupakia boriti. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Maelezo yake ya delta hayana mapenzi hata kidogo: anaona tope, joto, mbu, na mabaharia waliochoka. Kwa mgeni wa bahari kuu hilo halishangazi. Lakini msomaji wa pwani huona jambo jingine katika simulizi ile, nalo ni kwamba majahazi yale yaliingia kwa idhini. Wakati huo boriti ilikuwa na karatasi yake, ushuru wake na afisa wake. Msitu ulikuwa umekwishapata mwenyewe, na mwenyewe hakuwa Mrufiji.

Mabadiliko hayo yalikuja na Wajerumani. Mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji iliwekwa chini ya ulinzi wa serikali ya kikoloni, ikawa miongoni mwa misitu ya mwanzo kabisa kutengwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Si kwa sababu ya huruma juu ya miti. Serikali ilihitaji mapato. Boriti zilikuwa mapato yaliyokwisha kuwa na soko lake la karne nyingi, na gome la mikoko lilikuwa na dawa ya kutengenezea ngozi iliyotakiwa na viwanda vya Ulaya. Salale, kijiji cha ndani ya delta, kikawa kituo cha bwana misitu. Mwaka 1904 ikaja sheria ya misitu kwa koloni zima, na maeneo mengine ya ndani yakaanza kupigwa alama. Aliyekuwa akikata fito za nyumba yake kama alivyokata babu yake aliamka siku moja akawa mwizi wa mali ya serikali, naye hakuwa amehama hata hatua moja.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake Wielding the Ax cha mwaka 2009, ameonyesha namna misitu ilivyokuwa sehemu ya malalamiko ya watu wa kusini mashariki katika miaka hiyo. Kwa kawaida Vita vya Maji Maji husimuliwa kama vita vya pamba, kodi na kazi ya lazima, na kweli vilikuwa hivyo. Lakini ramani nayo husema. Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji, na alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, mji mdogo wa utawala ulio kandokando ya delta ile ile iliyokwisha kutiwa mipaka. Watu walioambiwa wasiwinde, wasilime mtoni walipozoea na wasikate mti bila ya kulipa, hawakuwa na sababu moja ya kukasirika.

Miaka tisa baadaye mikoko ilitumika kwa kazi ambayo hakuna sheria ya misitu iliyoifikiria. Manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo wenyeji waliiita manowari ya bomba tatu, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikakimbilia delta. Huko ilifichwa katika mihori, imefunikwa kwa matawi, na ikawachukua Waingereza miezi mingi hadi kuiangamiza Julai 1915. Msitu uliokatazwa kwa wananchi ulitosha kuficha chuma cha wakubwa. Vita vilipokwisha Waingereza walirithi mikoko pamoja na mipaka yake, wakaithibitisha kuwa hifadhi kwa matangazo yao wenyewe, na kuendelea kutoa vibali.

Baada ya uhuru umiliki huo haukubadilika. Ulibadilika mhuri tu. Soko la Ghuba nalo lilipungua, kwani mafuta yalileta saruji na nondo, na watoto wa waliojenga kwa chandal wakaanza kujenga kwa zege. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje. Lakini pwani yenyewe ilikuwa ikikua. Dar es Salaam ilihitaji majengo, na kila jengo la ghorofa lilihitaji miti ya kuegemeza zege lisipate kuanguka kabla halijakauka. Unguja ilihitaji boriti, pau na kuni. Mwaka 1987 ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku Tanzania Bara mpaka upatikane mpango wa kuisimamia. Mpango huo ulitoka mwaka 1991, na jina linaloambatana nao ni la Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanamke aliyeijua mikoko kwa miguu yake, si kwa picha za ndege pekee. Tangu mwaka 1994 ukatekelezwa kwa msaada wa Norwei. Msimamo wake ulikuwa wa busara: kugawa msitu kwa kanda, pengine palindwe kabisa, pengine pavunwe kwa kiasi, pengine papandwe upya. Kasoro yake haikuwa katika elimu ya miti. Ilikuwa katika jambo ambalo mpango peke yake haukuweza kulibadilisha, nalo ni kwamba mikoko yote iliendelea kuwa hifadhi ya taifa, na kijiji kilichomo ndani yake hakikuwa na hisa iliyoandikwa.

Magendo huota katika pengo hilo. Si lazima yawe na sura ya kutisha. Delta haina lango. Ina mamia ya vijito, na vijito hivyo havipitiki kila siku. Wakati wa maji mafu chombo hakiingii. Wakati wa bamvua maji hupanda hadi mizizini, na usiku mmoja unatosha mashua kuingia ikiwa tupu na kutoka ikiwa imeshiba. Mkataji hulipwa kwa korja, bei ndogo, papo hapo. Mwenye chombo hubeba hatari ya njiani. Mwenye ghala mjini habebi chochote, kwani boriti ikishafika kuegeshwa ukutani haina tena tofauti na boriti yenye kibali. Mti hauandikwi jina la mhori ulikotoka. Ndiyo maana kila inapotangazwa kwamba wakataji wamekamatwa, anayetajwa huwa ni mwenye shoka. Yule mwenye ghala hatajwi. Hilo si ajabu ya Rufiji peke yake. Ndivyo ilivyo katika biashara za meno ya tembo na za msandali pia, lakini katika delta umaskini wa mwenye shoka huonekana wazi zaidi kwa sababu hana hata barabara ya kukimbilia.

Kishindo kikubwa zaidi hakikuja kwa maji, kilikuja kwa lami. Mpaka mwanzoni mwa karne hii Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakizidi kusini yote ilikatika na nchi. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na watu wa Rufiji, Kilwa na Lindi walifurahi, tena kwa haki. Hata hivyo waliotangulia kulitumia kwa bidii ni wafanyabiashara wa magogo. Nyuma ya mto kulikuwa na mbao ngumu zilizolindwa kwa karne nzima na ubovu wa barabara: mninga, mkongo ambao watu wa visiwani wanauita mbambakofi, mpangapanga, mvule, na mpingo. Wanunuzi wa Asia, hasa China, walikuwa tayari. Malori yakapita Ikwiriri na Kibiti mchana na usiku kuelekea bandarini.

Yaliyotokea yaliandikwa mwaka 2007 katika ripoti ya shirika la TRAFFIC, iliyoandaliwa na Simon Milledge, Ised Gelvas na Antje Ahrends. Ni nadra kwa ripoti ya misitu kusomwa kama hadithi ya upelelezi, lakini hiyo ilisomwa hivyo. Ilionyesha kwamba katika ngazi ya wilaya, hadi asilimia 96 ya mrabaha uliostahili kukusanywa kutokana na mbao haukukusanywa. Ilikadiria hasara ya nchi kuwa dola milioni 58 kwa mwaka. Na ilipolinganisha vitabu vya pande mbili, ikakuta kwamba mbao ambazo China iliandika kupokea kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandika kupeleka. Mara kumi! Shehena tisa kwa kila moja ziliondoka pwani hii bila ya kuandikwa, zikafika ng'ambo zikaandikwa vizuri. Kati ya 2004 na 2006 Serikali ilitoa amri za kusitisha uvunaji na kuzuia magogo yasiyopasuliwa kutoka nje, lakini ripoti ile haikuficha kwamba baadhi ya waliopaswa kuzisimamia amri walikuwa na maslahi katika biashara yenyewe. Magogo halali hupigwa nyundo ya Serikali, alama ichapike kwenye mti. Nyundo ikishakuwa mkononi mwa asiye mwaminifu, haramu na halali hutofautiana kwa pigo moja.

Hapa ndipo penye jambo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu mara nyingi wenyeji wa misitu husimuliwa kama maadui wa misitu yao. Historia ya delta inasema vinginevyo. Katika miaka ya 1990 kampuni moja iliomba takriban hekta 10,000 za delta kwa ajili ya ufugaji wa kamba, mradi ambao ungekuwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani wa aina hiyo. Wataalamu wa mazingira wa taifa walishauri usikubaliwe. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali. Baadhi ya vijiji viliupokea mradi kwa matumaini ya ajira, lakini wengi waliukataa, na kwa msaada wa mawakili wa mazingira wa LEAT wakaenda Mahakama Kuu. Mradi haukujengwa. Watu wale wale ambao maafisa waliwaita waharibifu wa mikoko, kwa kukata fito na kulima mpunga, walikuwa wamesimama baina ya mikoko na hatari kubwa kuliko mashoka yao yote.

Suala la mpunga nalo ni gumu na halifai kurahisishwa. Mrufiji hulima mpunga katika delta kwa kufuata maji baridi. Mto unapohama mkono, mkulima huhama nao, na penye mikoko hukatwa pakawa shamba. Baada ya miaka michache magugu na kaa humshinda, hupaacha, na mara nyingine mikoko hurudi. Ni kweli kwamba kaskazini ya delta sehemu kubwa ilisafishwa kwa namna hiyo. Ni kweli pia kwamba kilimo hicho ni cha zamani kuliko idara ya misitu. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Kimarekani, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, waliandika makala wakidai kwamba matayarisho ya biashara ya hewa ukaa yalikuwa yakitumika kuwahalalishia wakubwa kuwaondoa wakulima hao. Wanasayansi wengine wakawajibu mwaka 2013 kwamba madai yao yalitiwa chumvi. Mabishano yale yalikuwa makali na yaliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida lisilofika Mbwera.

Kwa upande wa nchi kavu, mambo yaligeuka kwa njia ambayo delta haikupata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kumiliki msitu wake wa ardhi ya kijiji, kuuvuna kwa mpango na kuchukua mapato yake. Wilayani Kilwa, kusini tu ya Rufiji, shirika lililojikita katika uhifadhi wa mpingo liliichukua ruhusa hiyo kwa uzito. Mpingo ni mti wa subira: huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na ndio unaotengenezewa zumari za Kizungu, klarineti na obo, mbali na vinyago vya Wamakonde. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, Kikole na Kisangi vikiwa vya mwanzo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Kijiji kilichokuwa kikiuza gogo kwa bei ya kutupa kwa mwenye lori, sasa kilihesabu miti yake, kikaitia alama, kikauza michache na kulinda mingi. Walinzi wa msitu wakawa ni wale wale waliokuwa wakiukata.

Dunia nayo ilianza kukaza kamba. Tangu tarehe 2 Januari 2017 jamii yote ya mpingo iliingia katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ambao husimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, ili kila shehena iambatane na kibali. Wapiga ala walilalamika, na mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikasamehewa. Mwezi Novemba 2022 mninga na mkongo wa Afrika nao wakaingizwa katika orodha hiyo. Kabla ya hapo, Septemba 2015, Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagascar zilikuwa zimetangaza huko Durban makubaliano ya kushirikiana dhidi ya magendo ya mbao, makubaliano yanayojulikana kwa jina la Azimio la Zanzibar. Jina hilo lina haki yake, kwa kuwa mbao nyingi za mwambao hupitia visiwani. Ingawa mwenye kulisikia bila ya kujua historia anaweza kudhani kwamba visiwa vimekuwa mlinzi tu, visiwe mnunuzi.

Na mnunuzi ni. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba zake zimejengwa kwa boriti. Boriti iliyo kavu huishi miaka mingi mno, kwa kuwa uchungu ulio ndani ya mti huuchukiza mchwa. Lakini paa likivuja na maji yakasimama, huoza kimya kimya ndani ya ukuta mpaka dari ianguke. Fundi anayetaka kuirejesha dari kama ilivyokuwa hana budi kuwa na boriti nyingine, iliyonyooka, ya kimo kile kile. Anayeweka nondo na zege hulaumiwa kuwa ameharibu urithi. Anayetafuta boriti huambiwa ameharibu mikoko. Urithi mmoja unadai chakula kwa mwingine. Busara ingekuwa kuandika kila korja inayoingia visiwani kwa ajili ya matengenezo, ijulikane imekatwa mhori gani, kwa kibali gani na kwa faida ya kijiji gani. Hilo haliko mbali na uwezo wa watu walioweza zamani kuhesabu miti ya shehena nzima kwa jicho.

Wakati huo huo delta yenyewe haikai ikingoja sheria. Mwezi Oktoba 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, hekta 596,908, liliorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Kabla ya hapo, baina ya 1998 na 2003, palikuwa na mradi wa mazingira wa Rufiji chini ya IUCN, uliowasaidia wanavijiji kuandika mipango yao wenyewe. Na katika miaka ya karibuni shirika la Wetlands International limekuwa likishughulika na kurejesha mikoko kwa kuyafungulia maji njia zake badala ya kuchomeka miche pasipofaa. Juu ya mto, bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujengwa 2019, lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na kuzalisha umeme mwaka 2024. Mwezi Aprili wa mwaka huo mafuriko makubwa yalifunika mashamba na makaazi ya Rufiji na Kibiti. Mkoko huishi kwa udongo unaoletwa na mafuriko. Udongo unaonaswa nyuma ya ukuta wa bwawa haufiki Salale. Msikundazi, unaotaka maji baridi, utakuwa wa kwanza kulihisi hilo, na mlilana ulio mbele ya bahari utalihisi kwa upande wa pili, mawimbi yatakapoanza kuuchimba miguuni bila ya tope jipya la kuurudishia.

Katika vijiji kadhaa vya delta wanawake na vijana wamekuwa wakipanda mikoko katika mashamba yaliyoachwa. Mche wa mkoko huota ungali umening'inia kwenye mti mama, mrefu na wenye ncha, ukianguka hujichoma wenyewe topeni. Kazi ya mpandaji ni kuuokota na kuupeleka mahali unapohitajika. Kule Kilwa, mpingo uliotunzwa na kijiji ni wa kijiji. Katika delta, mkoko alioupanda mwanakijiji kwa mkono wake umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu siku uliposhika udongo, na akitaka kukata fito kumi za kuezekea banda lake, anatakiwa kwanza apande mashua akatafute kibali.